Siku yangu Kituku: moteri ikikojoa maji ya moto

Saa 12 asubuhi. Boti za kutoka kisiwa cha Idjwi zinaegesha Kituku, bandari ndogo ya Goma, Kongo, kwenye Ziwa Kivu, na wamama wa sambaza, wale samaki wadogo, wameshajaa ukingoni. Mimi ni fundi wa moteri za boti: naangalia nyuma ya kila moteri, kwenye kile kitundu kinachotoa maji yanayoipoza. Moteri ikikojoa kwa nguvu, na ukikinga kiganja ukasikia maji vuguvugu tu, hiyo ni nzima. Ikichuruzika, au maji yakiwa ya moto mpaka unaondoa mkono, mwenye boti anaelekea kuua moteri yake. Kila fundi wa moteri za nyuma aianze siku yake hapo, kabla hajashika kle (spana).

Mvuvi mmoja ananiita: yake haitoi tone. Nagusa kichwa cha moteri, hakina joto la ajabu. Naingiza waya mwembamba kwenye kitundu, nazungusha, mchanga mweusi unatoka na maji yanaruka. Pampu yake haina kosa lolote. Hiyo silipishi.

Saa 1 na nusu. Muzee mmoja mwenye boti la kwenda Minova, mji ulio kando ya ziwa, anakuja na moteri yake ya nguvu za farasi 40 juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wanaisukuma. Hamjambo, hatujambo, halafu:

“Fundi, katikati ya ziwa inapoteza nguvu. Tukiizima ikapumzika, inarudi. Inakojoa kidogo, na maji ni ya moto. Pyesi nimeshanunua, weka tu, saa 4 nina abiria.”

Mkononi ana hiyo pyesi, kipuri chenyewe: impela mpya, lile gurudumu dogo la mpira lenye mabawa ambalo husukuma maji kwenda juu. Dalili anazosema nazijua. Pistoni ikipata joto kupita kiasi inavimba, inaanza kusugua silinda, nguvu inapungua. Ikipoa inanywea, moteri inarudi. Ukiizoea hali hiyo, siku moja inakwama moja kwa moja.

“Muzee, nitaiweka. Ila kwanza niangalie maji yanapita wapi na yanakwama wapi. Abiria waingie boti lingine leo.”

Hakufurahi. Lakini Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama hapa hapa mbele ya Kituku, watu wengi wakafa. Lile lilikuwa limejaza kupita kiasi, si habari ya pampu. Hata hivyo, boti lililojaa watu likizimikiwa moteri wakati upepo umeamka, linageuziwa ubavu kwa mawimbi na kapiteni hana la kufanya. Muzee analijua hilo kuliko mimi. Alikaa kimya kidogo, akapiga simu.

Saa 2. Naanza chini, kwenye matundu ya kuingizia maji, juu kidogo ya propela. Kuna kipande cha mfuko wa plastiki kimenasa. Rwanda, ng'ambo ya ziwa hili hili, walipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Upande wetu bado inaelea. Nakitoa, lakini kimoja hakitoshi kuleta ugonjwa huu.

Tunafungua mguu wa moteri, tunauteremsha taratibu. Pampu imekaa juu yake, shafti ikipita katikati. Nafungua kasha. Impela ilitakiwa kuwa na mabawa 6, yamebaki 3, nayo yamekauka na kulala upande mmoja. Sahani ya chuma iliyo chini yake ina mikwaruzo ya duara. Nikipitisha ukucha unakwama. Huo ni mchanga wa Nyiragongo, volkeno yetu. Pwani yetu ni lava iliyosagika, inakata kama msasa, na makapiteni wengi huingia ufukweni moteri ikiwa bado chini inazunguka. Sahani ikiwa na mifereji, maji yanarudi nyuma badala ya kupanda, hata impela iwe mpya ya jana.

Saa 3 mpaka saa 7. Kijana ninayemfundisha, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake, ananiuliza: “Yaya, si tuweke mpya tufunge?”

Namwonyesha kiganja changu kitupu. “Mabawa matatu yako wapi?”

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi. Mpira uliokatika hauyeyuki. Maji yanaubeba, unapanda na bomba, unakwama mahali pembamba, kisha impela mpya inasukuma maji dhidi ya kizibo. Mwenye boti anarudi baada ya wiki akilia kwamba pyesi ni feki.

Bawa la kwanza lilitoka kwenye bomba tulipolipuliza. La pili lilikuwa ndani ya nyumba ya termosta, kile kilango kinachofunguka maji yakipata joto. La tatu lilitumalizia asubuhi yote. Tulifungua kifuniko cha njia ya moshi, tukalikuta limejikunja kwenye kona, limevaa ganda jeupe. Maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi, na yakipata joto huacha ukoko. Tulilainisha kwa siki, tukakwangua kwa kijiti cha mti, tukasuuza sana maana siki ikikaa inakula aluminiamu.

Termosta tuliitundika kwa uzi ndani ya sufuria juu ya makaa, pamoja na kipimajoto. Moteri nyingi za namna hii, termosta hufunguka karibu nyuzi 50. Hii ilisubiri mpaka 70, ikafunguka nusu. Tukaitupa. Goma iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mvuke unaanza mapema kuliko kule pwani ya bahari. Termosta mvivu hatuna nafasi ya kuivumilia.

Saa 7 na nusu. Bugali na sambaza, haraka.

Saa 8. Kufunga. Sahani nzima nimeitoa kwenye moteri mfu niliyonayo. Kabari ndogo ya nusu mwezi inayoshika impela kwenye shafti naibandika kwa graisi isidondoke. Mabawa nayapaka maji ya sabuni, kisha nashusha kasha huku kijana akizungusha shafti kufuata mwendo wa saa, ili yote yalale upande unaotakiwa. Baada ya hapo hairuhusiwi kuirudisha nyuma. Bomba la maji lazima liingie sawasawa kwenye mpira wake. Likikosa, unafungua upya.

Saa 10. Tunaiweka kwenye pipa, maji yakiwa juu ya matundu. Kuiwasha kavu, hata “kusikiliza tu”, sikubali: mpira huungua kwa sekunde chache. Inawaka, inakojoa mnyoofu. Muzee anakinga kiganja, anakiacha hapo muda mrefu.

Saa 11. Tunaipeleka ziwani, tunaiendesha kwa nguvu nusu saa bila kupumzika. Nguvu haishuki. Nampa mabawa matatu ya zamani amwonyeshe kapiteni wake, na tunakubaliana: moteri iinuliwe kabla ya kugusa mchanga, watu wamalizie kwa makasia. Amelipa nusu, nyingine atanipa akitoka Minova.