Ukimfokea anayeleta habari mbaya, ndo ya mwisho hiyo

Niliwahi kufanya kazi ofisi moja pale Kurasini, mambo ya kutoa mizigo bandarini, jina naliacha. Bosi alitufungulia grupu la WhatsApp wafanyakazi wote, akasema jamani humu semeni chochote. Haya. Siku moja dogo wa operesheni akaandika kwamba makontena mawili ya mteja yatachelewa maana nyaraka zina makosa. Weee! Bosi alimshukia humohumo, mpaka mama wa chai akasoma. Toka siku hiyo grupu likawa "sawa bosi" tupu na vile vimikono.

Mwezi uliofuata kontena lingine likalala bandarini, storeji, yani ada ya kulaza mzigo, inapanda kila kukicha, tunaojua tulikuwa kama sita hivi na hakuna aliyefungua mdomo, mwenyewe kaja kuambiwa na mteja kwa simu. Anauliza mbona hamkuniambia, tunaangaliana tu.

Nilivyokuja kusoma habari za Ford ya Marekani nikacheka peke yangu. 2006 walimchukua Alan Mulally kutoka Boeing aje kuongoza, akaweka kikao cha wakubwa kila Alhamisi, kila mtu anakuja na chati zake, kijani mambo safi, njano kuna mashaka, nyekundu kumeharibika. Mwanzoni kijani kila mahali, na kampuni mwaka huohuo inaenda kupata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12! Yani wakubwa wazima na mishahara yao, wanaogopa kama sisi wa Kurasini. Mpaka mmoja wao, Mark Fields, akaja na nyekundu, gari yao mpya ya Edge ilikuwa na hitilafu akazuia isitoke. Wenzake wakajua huyu kaisha. Mulally akapiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia. Baada ya hapo chati za wengine nazo zikaanza kuwa na rangi. Na huyohuyo Fields ndo aliyerithi kiti 2014.

Sisi tulipelekwa semina Bagamoyo ya "kujituma kazini", tukapewa na tisheti (ninayo mpaka leo, nalalia). Yule dogo alikuwa amekaa nyuma kabisa anajibu wateja wake wa viatu kwenye simu, zamani alikuwa anabaki ofisini mpaka saa mbili usiku bila kuambiwa na mtu.

Akaja kuacha kazi, kwenye barua kaandika sababu za kifamilia. Bosi akaposti kwenye grupu kwamba tunamtakia kila la heri na yeyote mwenye tatizo aseme mapema.

Sawa bosi, tukajibu wote.