Usonji, cherehani na trei ya mayai: nilivyojipanga kazini

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote maishani ni mmoja: "Punguza kuzama," yaani nisiganda kwenye jambo moja mpaka nikasahau mengine. Shangazi aliniambia, mchungaji aliniambia, na mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alinitahadharisha kwamba kichwa kikikaa sehemu moja muda mrefu kinaharibika. Wote walinitakia mema. Lakini ningewasikiliza, leo nisingekuwa na kibanda hapa Majengo, Moshi, wala wateja wanaotoka Himo na Boma Ng'ombe na cherehani zao kwenye bodaboda, wakiwapita mafundi wengine njiani.

Mimi ni fundi cherehani. Sishoni, natengeneza. Na nina usonji, yaani autism, ubongo kufanya kazi kwa namna yake tangu kuzaliwa, jambo nililolijua ukubwani, baada ya mtoto wa dada yangu kupelekwa hospitali kwa kuchelewa kuongea. Daktari alikuwa anauliza habari za mtoto, na kila swali dada anageuka kunitazama mimi. Baadaye nikaonwa mwenyewe, ikathibitika. Hapa nataka kueleza jinsi nilivyoweza kufanya kazi kwa kuzama bila kuugua, kwa sababu naona wazazi wanawakataza watoto wao kitu ambacho kesho kingewalisha.

Chukua cherehani inayoruka mishono. Fundi wa harakaharaka atabadilisha sindano, atakaza uzi wa juu, atachukua hela. Mimi nafungua bamba la chini, nazungusha gurudumu kwa mkono polepole, natazama. Sindano inashuka mpaka mwisho, inaanza kupanda, na ikishapanda kama milimita mbili hivi, uzi unatoa kitanzi kidogo pale kwenye jicho. Hapohapo ncha ya ndoano inatakiwa ipite ikidake kile kitanzi. Ikiwahi au ikichelewa kidogo tu, mshono umeruka. Naweza kukaa na kitu hicho kimoja: zungusha, tazama, rudisha, legeza nati, sogeza kidogo mno, zungusha tena. Nikija kuinua kichwa, adhana ya alasiri imeshapita, na mimi nilikaa asubuhi. Sichoki. Bajaji za nje sizisikii. Ni raha kubwa, na sioni aibu kusema kwamba ndiyo raha kubwa niliyonayo.

Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliandika kwamba akili yenye usonji hupeleka nguvu zake nyingi kwenye jambo moja au machache kwa wakati mmoja, badala ya kuzigawa huku na huku. Wakaita monotropizimu. Lawson mwenyewe ana usonji, na inaonekana, maana anaelezea kutokea ndani. Niliposoma nikaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwa nini naona kosa ambalo mwenzangu halioni, na kwa nini mtu akinishika bega katikati ya kazi naumia kwelikweli. Nguvu zote ziko kule, na kuzirudisha kunachukua muda. Tangu daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, mvuto wa namna hii umekuwa ukihesabiwa miongoni mwa dalili. Sawa, ni dalili. Kwangu ni kazi pia.

Shida yangu ilikuwa mwili. Wengi wetu wenye usonji hatusikii njaa, kiu wala haja ndogo mpaka zimezidi, na ukiwa umezama ndiyo kabisa. Nilikuwa nikisimama jioni dunia inazunguka. UTI haikunibanduka. Sehemu nzuri ya hela niliyoingiza iliishia duka la dawa, na watu wakapata cha kusema: unaona, kuzama kunamuua.

Kaka yangu akaja na suluhisho lake. "Weka kengele kwenye simu, kila saa ikilia unainuka." Nikaweka. Mkono wangu ukawa unaizima bila mimi kujua. Jioni kaka ananiuliza, namwambia haikulia, naye anasema amekaa pale nje ameisikia kwa masikio yake. Hakukata tamaa. Akatafuta sufuria tupu, akaitumbukiza simu humo ili mlio uwe mkubwa, akaipandisha juu ya kabati nilazimike kwenda kuizima. Safari hii niliisikia. Nilikuwa nimeifungua mashine ya zigizaga ya mama mmoja wa Pasua, nati ndogo ziko kiganjani, ndoano iko nusu nje nusu ndani. Sufuria ikalia. Mwili mzima ukaruka, nati zikatawanyika chini kwenye vumbi na vipande vya nyuzi, na maneno yakanikauka. Sikuweza kuongea mpaka giza lilipoingia. Yule mama akaja kuchukua mashine yake, anauliza imefikia wapi, mimi namtazama tu. Akaondoka anasema fundi siku hizi ana kiburi. Kaka akasema nitazoea. Jamani, haizoeleki! Na inaniuma kila nikisikia mzazi anashauriwa kumzoesha mtoto kwa njia hiyo.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu. Yeye ni mtu wa vifungo. Dada akienda sokoni Mbuyuni ananiachia, nampa kopo la vifungo na trei ya mayai, anavipanga kwa rangi, kimya, kila mtu na kazi yake. Trei hizohizo na mimi natumia kupangia nati: ya kwanza kutoka inakaa tundu la kwanza, ya pili la pili, na wakati wa kurudishia naanzia mwisho kurudi nyuma. Hakuna nati inayopotea wala kubaki. Basi siku hiyo alikuwa amechomeka kizibo cha soda katikati ya nati zangu. Narudishia, mkono unatembea tundu kwa tundu bila kutazama, ukakutana na kizibo. Nikatulia. Sikushtuka hata kidogo. Nikakitazama, na papo hapo nikajua kwamba nina kiu. Nikanywa chupa nzima ya maji, nikarudi, na kazi ilikuwa palepale nilipoiacha, kichwani na mezani.

Nilikaa na kile kizibo mkononi muda mrefu. Kengele inatoka nje inanivunja. Kizibo kilikuwa ndani ya kazi, mkono wangu wenyewe ndio ulikifikia.

Tangu hapo trei yangu ina utaratibu. Ina matundu 30, mistari mitano ya matundu sita. Tundu la mwisho la kila mstari haliwekwi nati. Kizibo ni maji. Kifungo cheupe ni choo. Kifungo kikubwa cha koti ni kula. Navitia wakati wa kufungua mashine, kichwa kikiwa bado chepesi. Chakula nacho nilikimalizia hivi: namlipa mama ntilie wa jirani mwanzoni mwa wiki, analeta makande au ndizi, anaweka juu ya stuli, anafunika, anaondoka bila salamu. Mwanzoni ilimuwia vigumu, mwanamke wa heshima kupita bila salamu. Sasa tunasalimiana jioni, kirefu.

Kwa wateja nimetundika kitambaa chekundu mlangoni na chini yake kuna daftari. Kitambaa kikiwepo, unaacha mashine, unaandika jina, namba ya simu na mashine inafanya nini. Nawaomba waandike wanachokiona, wasiniandikie sababu. Mtu akiandika "bobini mbovu" ananipoteza. Akiandika "inakusanya uzi chini" najua nianze kutazama uzi wa juu, maana mara nyingi kasoro iko huko. Mchana kitambaa nakitoa, tunaongea mpaka mtu atosheke. Wapo walioona ni dharau wakahama. Waliobaki walieleweshwa na mangi mwenye duka la jirani: "Mwache fundi kwanza, akitoka huko ataongea na wewe vizuri tu."

Dada naye ameacha kuniita "Kaka!" kutoka mlangoni. Anasimama ninapoweza kumwona, anaweka kibunda cha uzi pembeni ya meza, anasubiri. Nikifika mahali pa kuachia nakiokota, ndiyo nimemsikia. Mtoto tunamfanyia vilevile. Hatumnyang'anyi vifungo. Tunamwambia, "Mstari huu ukiisha tunaondoka," na mstari ukiisha anainuka mwenyewe, anaaga: "Mjomba, kesho." Shuleni walikuwa wanamnyang'anya, analia mpaka kipindi kinaisha, halafu wanaandika kwamba hafundishiki. Dada alikwenda mwenyewe na trei yake mkononi akamwonyesha mwalimu inavyofanyika, na sasa angalau mwalimu huyo mmoja anamsubiri.

Jioni naandika kikaratasi cha hatua inayofuata, "legeza nati ya kushoto, tazama ndoano," nakifunga kwenye gurudumu. Bila hicho kichwa kinaendelea kutengeneza hadi saa tisa za usiku.

Desemba ndiyo bado ngumu. Sare za shule za Januari zinashonwa wakati huohuo, na Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi, kila mmoja anakuta cherehani ya mama yake huko Marangu au Kibosho imeshika kutu, anataka itengenezwe hapohapo akisubiri. Watu wanajaa mlangoni, kitambaa hakiheshimiwi. Kwa hiyo katikati ya Desemba nafunga kupokea. Napoteza hela, tena si ndogo, lakini mwaka jana nilifika Krismasi mzima, nikala na watu mezani. Mashine zinazoletwa baada ya hapo zinaandikwa daftarini kwa Januari, na mwenye haraka namwelekeza kwa mwenzangu kule karibu na stendi.