Amplifaya iliyolala na salfa

Mradi ulio mezani sasa ni amplifaya ya stereo iliyotoka Newala. Mwenyewe aliiachia kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa haikutoa sauti hata chembe. Nilipofungua kifuniko sikuhitaji kuuliza ilikuwa inakaa wapi: unga wa njano kila kona. Ililala stoo moja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Sisi wa huku Mikindani tumezoea kuilaumu chumvi ya bahari kila redio inapokufa, lakini hii ilikuwa huko juu uwandani, mbali na pwani. Salfa ndiyo iliyoila. Nyaya za shaba zimekuwa nyeusi, lehemu inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgimbi. Ndani ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, vile vidole vya fedha vinavyogusana vimevaa utando mweusi, umeme haupiti. Ukiwasha inalia "ta!", halafu kimya.

Bodi ya zamani nimeitupa. Nimebakiza kasha, transfoma na bapa la alumini la kupozea joto, na kwa kweli hivyo ndivyo vyenye thamani. Vijana wengi huanza na wati zilizoandikwa kwenye chipu, kisha ndiyo wanahangaika kutafuta transfoma ya kuilisha. Mimi naanzia kwenye transfoma, maana ndiyo nzito na ghali, na kuiagiza kutoka Dar nauli yake inauma. Hii inatoa volti 24-0-24, yaani 24 kila upande wa sifuri. Ukizipitisha kwenye dayodi, zinazoupa umeme mwelekeo mmoja, na kapasita, zinazouhifadhi na kuulainisha, kila upande unapata kama volti 34 (24 mara 1.41). Spika zangu ni za omu 8. Basi chipu ya kukuza sauti imejichagua yenyewe: LM3886, ambayo kwa volti 35 kila upande na omu 8 hutoa karibu wati 50. Kwa sebule ya kwetu zinatosha na majirani watajua.

Kapasita za zamani zilikuwa za maikrofaradi 4,700. Mita ilizisoma chini ya nusu. Nimeweka za 10,000, volti 63. Bei ya volti 50 ni nafuu kidogo, lakini umeme wa ukutani hupanda usiku na sipendi kapasita inayofanya kazi karibu na kikomo chake.

Jambo moja kwa anayetaka kuifuata njia hii: mgongo wa chuma wa LM3886 ya kawaida umeungwa ndani kwa ndani na upande hasi wa umeme. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bapa, kasha zima linabeba volti 34 hasi. Weka karatasi ya mika, isiyopitisha umeme, na grisi ya joto, kisha pima kwa mita kati ya chipu na bapa kabla ya kuwasha chochote.

Kuwasha kwa mara ya kwanza nimepitishia balbu ya wati 100, ile ya waya ndani, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Iliwaka kwa nguvu, ikafifia kapasita zilipojaa, ikabaki nyekundu kwa mbali. Ingeendelea kuwaka, ningejua kuna shoti.

Sauti ikatoka, na mvumo nao. Hapa ndipo muda wangu mwingi umeishia. Mvumo si wa aina moja. Ule wa hezi 100, wenye mkwaruzo kidogo, hutokana na umeme usiosafishwa vizuri baada ya dayodi. Ule mzito wa hezi 50 mara nyingi ni transfoma inayovuja usumaku au ethi (waya wa ardhi) iliyojizungusha. Wangu ulikuwa mzito, tena haukupungua nilipofunga sauti kabisa, kwa hiyo nikajua unaingia baada ya kitufe cha sauti. Nimekusanya nyaya zote za ethi kwenye nukta moja, katikati ya zile kapasita mbili, nikaigeuza transfoma robo mzunguko. Sasa inabidi ubandike sikio kwenye spika ndipo uusikie.

Kitufe cha sauti kilikuwa kimevunjika. Mjomba wangu mchongaji ana vipande vya mpingo vinavyobaki, nikamwomba anitolee kimoja. Akakizungusha mkononi: "Mjomba, kazi yote hiyo ya nyaya, halafu watu watashika hiki tu?" Kweli, ndicho kinachosifiwa na kila anayeingia.

Nimeijaribu kwa ngoma ya sindimba niliyoirekodi kwa simu. Ngoma kubwa inapiga kifuani bila kupasuka, vile vidogo vinasikika kila kimoja peke yake. Volti ya mgando (DC), ile inayoweza kuunguza spika, kwenye tundu la spika ni milivolti 18, sina wasiwasi nayo.

Kilichobaki ni rilei mpya ya aina iliyozibwa, kuosha upande wa chini wa bodi kwa spiriti na kuupaka vanishi kabla chumvi ya hapa haijaanza kazi yake. Kasha lenyewe litapata rangi nikipata mtu mwenye kompresa.