Kupanda Usambara na wagombea udiwani

Ukitoka Tanga kwa njia ya Segera na Korogwe, joto hukusindikiza hadi Mombo. Hapo gari hukunja kulia na mlima unaanza. Hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, lakini lami yenyewe ni nyembamba, inajipinda juu ya bonde, na dereva anayeijua hupiga honi kabla ya kila kona. Tulipopita Soni ukungu ulikuwa bado umelala barabarani.

Ilikuwa Oktoba 2015. Kampeni zilikuwa zimeanza Agosti 22, na kura ilikuwa ipigwe Oktoba 25, kwa hiyo karibu kila gari tulilopishana nalo lilikuwa na bendera ya chama fulani au spika juu ya paa. Ofisi ya chama ya mkoa ilikuwa imenituma kwenda kuwanadi wagombea wetu wa udiwani katika kata za juu, jimbo la Mlalo. Ni chama gani, sioni haja ya kusema. Niliyoyaona huko yanavihusu vyama vyote.

Kazi ya kunadi ina mtindo wake uliozoeleka. Unapanda jukwaani, unaeleza ilani, unamwombea kura mgombea urais, ambaye mara nyingi hayupo. Kisha anaitwa mgombea ubunge au mwakilishi wake, naye huzungumza mpaka achoke. Diwani huitwa mwishoni, jua limeshainama na akina mama wameanza kuondoka kwenda kupika. Unamshika mkono, unauinua juu, vijana wa hamasa wanashangilia, naye anapewa dakika moja ya kusalimia. Mtindo huu sikuwahi kuupenda. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndiye anayekaa kwenye baraza la madiwani fedha za halmashauri zinapogawanywa. Ndiye kiongozi pekee kati ya hao watatu ambaye mwananchi anaweza kumgongea mlango usiku. Inakuwaje huyo ndiye tunayemwonyesha kwa haraka kuliko wote?

Kutoka Lushoto tulipanda hadi Magamba, tukapita kandokando ya msitu ambako baridi inaingia mpaka ndani ya gari, tukatokea Lukozi. Lukozi ni soko. Kabichi, karoti na viazi vinashuka kutoka kila upande wa mlima, na malori yanapakia kwenda Dar es Salaam. Tulifanya mkutano hapohapo pembeni, kwa utaratibu uleule wa siku zote. Mwakilishi wa mgombea ubunge alizungumza kuhusu uchumi wa taifa, na wapakiaji waliendelea kupakia. Hakuna aliyetuzomea, na hakuna aliyetusikiliza.

Mambo yaligeuka kijana mmoja aliyekuwa juu ya lori alipopaza sauti: "Lumbesa mtaimaliza lini?"

Lumbesa ndiyo kero ya kila mkulima wa viazi wa milima hii. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba cha wavu au kipande cha gunia jingine, na bei inabaki ya gunia moja. Mwakilishi alianza kujibu kwa maneno ya jumla. Mgombea wetu wa udiwani, kijana mkulima ambaye mwenyewe huuza viazi hapo, aliomba kipaza sauti kabla ya zamu yake. Alisema sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, kwa hiyo sheria ipo na si ya kuahidiwa. Kinachokosekana ni mizani. Akaeleza kwamba halmashauri inaweza kutenga vituo vya kuuzia mazao vyenye mizani na kuvitungia sheria ndogo. Tena akagusa jambo ambalo sikuwahi kulisikia jukwaani: halmashauri inadai ushuru wa mazao, na ushuru ukihesabiwa kwa gunia, lumbesa inamwibia mkulima na inaiibia halmashauri vilevile. "Siwezi kumkamata mfanyabiashara," alisema. "Lakini hilo la mizani nitalisemea barazani, na mtaniuliza hapahapa sokoni."

Wapakiaji walikuwa wamesimama. Watu walitoka kwenye vibanda. Kwa dakika kumi tulikuwa na mkutano wa kweli, na ulikuwa mkutano wa diwani.

Kutoka Lukozi kuelekea Rangwi na Sunga barabara ilikuwa ya udongo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kudondoka na gari lilikuwa likiteleza upande upande. Tulimpa lifti mzee mmoja aliyekuwa amebeba jembe jipya. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi. "Mwanangu, yule kijana wa sokoni ni mtu mzuri. Chama kingemkataa, angegombea?"

Nilimwambia ukweli. Kwa sheria zetu hakuna mgombea binafsi; kuanzia rais mpaka diwani, lazima uwe umependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sheria hiyo mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikampa ushindi mwaka 2013. Sheria haikubadilika. Mtikila mwenyewe alikuwa amefariki kwa ajali ya gari siku chache tu kabla ya safari yetu, Oktoba 4. Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Basi mchague vizuri huko ndani, maana sisi mnatuletea aliyekwisha kuchaguliwa."

Maneno hayo yalinikaa. Chama kinaposhika ufunguo wa mlango peke yake, kumtambulisha mgombea kunakuwa deni tunalowalipa watu ambao hawakuwepo kwenye kura zetu za maoni.

Mkutano uliofuata, mbele ya Rangwi, ulikuwa mdogo. Mvua ilikuwa imelowesha nyaya za spika, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti zetu chini ya miti. Mgombea alikuwa mama, mwalimu mstaafu. Wanawake wengi huingia kwenye mabaraza yetu kwa viti maalumu. Yeye alikuwa amechukua fomu ya kata na kuwashinda wanaume kwenye mchujo. Nikaamua abebe mkutano yeye, mimi nikae.

Kumbe hapakuwa na wa kutambulishwa. Nusu ya waliokuwepo walimwamkia "Shikamoo mwalimu," kwa sababu aliwafundisha kusoma. Wao ndio walionitambulishia yeye: alivyosimamia ujenzi wa madarasa, alivyokuwa mkali, alivyomfuata mzazi aliyetaka kumwachisha shule binti yake. Hawakumbembeleza pia. Mama mmoja alisimama na kumuuliza kwa nini mapato ya kamati ya maji, aliyokuwa mjumbe wake, hayakusomwa hadharani kwa muda mrefu. Mwalimu alijibu kwamba alidai yasomwe, akashindwa kwa kura ndani ya kamati, na kwamba alipaswa kuwaeleza wananchi siku ileile. Bibi wawili waliokaa mbele hawakukifuata vizuri Kiswahili. Kanuni za kampeni zinataka hotuba iwe ya Kiswahili na zinaruhusu mkalimani, kwa hiyo mjumbe wa tawi alikaa karibu nao akiwafafanulia kwa Kisambaa, nao wakauliza ya kwao kupitia kwake. Hakuna fulana wala kofia iliyogawiwa pale. Sidhani kama kuna aliyezikumbuka.

Mtae tulifika alasiri. Kijiji kimekaa kwenye ukingo wa mlima. Chini yake mita mamia kadhaa ndiyo nyika ya Mkomazi, na ng'ambo milima ya Upare. Hapo nilianza na mgombea udiwani tangu mwanzo, nikamwachia nafasi ya maswali, na maswali hayakwisha: zahanati, barabara ya kushusha mazao, asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyopaswa wakati ule kwenda kwa vikundi vya wanawake na vijana na jinsi ya kuiomba. Saa kumi na mbili jioni kampeni hufungwa kwa mujibu wa maadili ya uchaguzi, na askari aliyekuwepo alitukumbusha kwa upole. Mikono ilikuwa bado juu. Mgombea aliandika majina na maswali yaliyobaki kwenye daftari lake.

Usiku nilimpigia simu katibu wa mkoa nikamwomba mikutano yote iliyobaki ya kata hizo ifunguliwe na mgombea udiwani, maswali yafuate, na wa ubunge na urais waombewe kura baada ya hapo. Alisita. Aliogopa wageni wakubwa watajisikia vibaya kusubiri. Tulibishana kwa muda mrefu, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba ilani isiachwe kusomwa. Kesho yake saa mbili asubuhi mgombea wa Mtae alisimama peke yake mbele ya watu walewale, daftari mkononi, akaanza na swali la zahanati.