Rada kando ya bunduki ya upepo: kupima kasi ya risasi na kizigeu chake cha balistiki

Watumiaji wengi wa bunduki za upepo hapa Uingereza hupima kasi kwa sababu ya sheria. Katika England, bunduki ndefu ya upepo ambayo mtu anaweza kuimiliki bila cheti cha silaha haipaswi kuipa risasi nishati inayozidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.27, inapotoka mdomoni mwa mtutu. Kwa risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547, ambao ni uzito unaopendwa sana na walenga shabaha, kikomo hicho kinafikiwa kwenye kasi ya takriban mita 244 kwa sekunde. Kronografu ya kawaida yenye vitambuzi viwili vya mwanga inatosha kabisa kwa kazi hiyo: kivuli cha risasi kinakatiza kitambuzi cha kwanza, kisha cha pili, muda uliopita unahesabiwa na namba inatokea kwenye kioo. Hata hivyo, namba hiyo haisemi lolote kuhusu yatakayoipata risasi ikishaondoka, na katika mashindano ya shabaha za uwanjani, ambako shabaha huwekwa hadi yadi 55, karibu mita 50, hayo ndiyo yanayoamua alama.

Ndiyo maana nilihamia kwenye rada. Kifaa chenyewe ni bapa la ukubwa wa kitabu, kinachosimama kwenye stendi kando ya mtutu na kutazama upande ule ule risasi inakokwenda. Kinatuma mawimbi ya redio ya karibu gigahezi 24, na mawimbi yanayogonga risasi hurudi yakiwa yamebadilika kidogo, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, ile ile inayofanya honi ya gari linalokupita barabarani isikike nzito ghafla. Wimbi la gigahezi 24 lina urefu wa milimita 12.5. Risasi inayokimbia mita 240 kwa sekunde hulibadilisha kwa hezi 38,400 hivi, tofauti ambayo kompyuta ndogo ndani ya kifaa huisoma bila taabu. Kadiri risasi inavyopunguza mwendo, tofauti hiyo nayo inashuka, na kifaa kinaifuata hatua kwa hatua hadi mwangwi unapofifia.

Kabla ya hapo, aliyetaka kujua kizigeu cha balistiki, yaani namba inayoonyesha jinsi risasi inavyoihifadhi kasi yake dhidi ya ukinzani wa hewa (ikiwa kubwa, kasi hupungua polepole), alilazimika kuwa na kronografu mbili, moja karibu na mtutu na nyingine mbali, au kupima karibu leo na mbali baadaye kwa risasi tofauti. Njia hiyo ya pili siiamini hata kidogo, kwa kuwa kasi ya bunduki yoyote hutofautiana mita moja au mbili kwa sekunde kati ya pigo na pigo, na tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye jibu. Kronografu mbili nazo zinapaswa kukubaliana kikamilifu, na ni nadra zikubaliane. Rada inaondoa matatizo yote mawili kwa pamoja. Risasi ni ile ile mwanzo hadi mwisho, na kipimo ni kile kile. Kama kifaa kinazidisha kasi zote kwa nusu asilimia, uwiano wa kasi ya mwanzo na ya mwisho haubadiliki, na kizigeu kinategemea uwiano huo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kasi za chini ya sauti, walenga shabaha wengi hutumia makadirio haya: umbali kwa mita unagawanywa kwa 7,315 mara logarithimu asilia ya uwiano wa kasi mbili. Tuseme risasi imepimwa mita 240 kwa sekunde mwanzoni, na mita 25 mbele ikapimwa 204. Logarithimu ya uwiano huo ni 0.1625, na kizigeu kinakuwa 0.021. Sasa tuseme kasi ya pili ilisomwa kimakosa kuwa 203: kizigeu kinashuka hadi 0.0204, kosa la asilimia tatu. Kosa hilo hilo la mita moja kwa sekunde kwenye umbali wa mita 10 tu lingeharibu jibu kwa karibu asilimia saba. Kwa hiyo urefu wa njia ambayo rada inaiona una uzito kuliko desimali zinazoonyeshwa kwenye kioo, na mtu anayetangaza kizigeu alichokipata ndani ya mita kumi anastahili kuulizwa maswali.

Hapo ndipo risasi ndogo zinaposumbua. Mwangwi wa rada hupungua kwa nguvu ya nne ya umbali: umbali ukizidi maradufu, nguvu inayorudi inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Risasi ya milimita 4.5 ni nyembamba kuliko urefu wa wimbi lenyewe, kwa hiyo hupotea mapema. Ya milimita 5.5 hufuatwa mbali zaidi. Ukifungua faili la pigo moja na kulichora, unaona nukta za mwanzo zimetawanyika, kisha unakuja mstari safi unaoteremka taratibu, na mwishoni nukta zinaruka juu na chini bila mpangilio. Mimi hukata ncha zote mbili na kufanya hesabu kwa mstari wa katikati peke yake.

Mtawanyiko wa mwanzo una sababu yake pia. Rada inapima kasi ya risasi kuelekea mbali na yenyewe, nayo imesimama pembeni. Ikiwa iko sentimita 15 kando ya mstari wa risasi, kwenye mita ya kwanza itasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia moja, wakati kwenye mita ya tano upungufu haufiki hata sehemu moja ya elfu. Programu ya kifaa hurekebisha jambo hili endapo utaiambia umbali huo wa pembeni kwa usahihi, basi chukua rula, usikisie. Kasi ya mdomoni haipimwi hapo hapo. Inakokotolewa kwa kuurudisha mstari nyuma. Tena, vifaa vya aina hii vilibuniwa kwa bunduki za baruti na huamshwa na mlio, ilhali bunduki ya upepo yenye kiwambo cha sauti hutoa mlio mdogo mno. Maikrofoni ndogo inayofungwa karibu na mtutu humaliza tatizo.

Namba ikishapatikana, iandikwe pamoja na hali ya hewa. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa asilimia kumi kuliko ya nyuzi sifuri kwenye kanieneo ile ile, na hewa ya Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari, hivyo risasi ile ile ingeonekana kule kuwa na kizigeu kikubwa zaidi ingawa haijabadilika. Kizigeu kilichochapishwa na mtengenezaji nakichukulia kama dokezo. Mifereji ya mtutu huchora risasi kwa namna yake, na sketi yake nyembamba, yaani ukingo wa nyuma, ikipindika kidogo tu, ukinzani wa hewa huongezeka. Aidha, mfano wa G1, yaani kielelezo cha ukinzani wa hewa ambacho namba nyingi hukitegemea, ulitokana na umbo la risasi za baruti, si umbo hili lenye kiuno, kwa hiyo namba hubadilika kadiri kasi inavyobadilika.

Je, tofauti ya 0.021 na 0.019 inastahili usumbufu wote huu? Kwa risasi inayoanza na mita 240 kwa sekunde, kwenye mita 50 tofauti ya kushuka ni milimita saba hivi. Upepo wa mita tatu kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni, ya kwanza husukumwa sentimita 11.4 na ya pili 12.7. Tofauti ya upepo ni karibu maradufu ya ile ya kushuka, na tundu la shabaha huwa na upana wa milimita 40. Kwa sababu hiyo, kila kopo la risasi la kundi jipya nalipima kwanza kwa rada, kisha napiga karatasi kwenye mita 50, na alama za darubini nazibadilisha pale tu rada na karatasi zinapokubaliana.