Mkia wa Mbuzi: nyota ya Jadi ilikotoka

Wanaosoma nyota hupenda kusema kwamba mtu wa Mbuzi ni mchapakazi, ana maneno machache, na hupanda mlima wake polepole hadi kileleni. Sifa hizo zina mizizi, lakini mlima haumo kwenye picha ya asili. Mnyama wa buruji hii (moja ya sehemu 12 za njia ya jua angani), ambayo vitabu vya falaki huiita Jadi, hana hata miguu ya nyuma. Kuanzia kichwa hadi kifuani ni mbuzi, kuanzia kiunoni ni samaki. Wachoraji wengi wa leo humkata mkia, na nusu ya maana yake huondoka nao.

Mbuzi-samaki huyu alizaliwa Mesopotamia, Iraki ya leo. Anaonekana kwenye mawe ya kumbukumbu za ardhi ya Babeli yaliyochongwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita: amejilaza, magamba yakianzia mbavuni, na juu yake kumesimama fimbo yenye kichwa cha kondoo dume. Fimbo hiyo ni alama ya Ea, ambaye Wasumeri walimwita Enki, mungu wa maji matamu yaliyo chini ya ardhi, wa hekima, ufundi na uganga. Kwa hiyo tabaka la kwanza la maana ya Jadi ni akili inayotoka kilindini, ujuzi wa fundi anayejua siri ya kazi yake. Ubahili na ukavu havijaingia bado.

Kwenye karne ya 5 K.K. hivi, Wababeli waligawa njia ya jua katika buruji 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30. Jadi ni ya kumi, kuanzia nyuzi 270 hadi 300. Wagiriki walipoipokea walimtungia mnyama hadithi yao: Pan, mungu wa wachungaji, alikimbia zimwi Typhon, akajitupa mtoni, na sehemu iliyozama ikageuka samaki. Ni hadithi ya kuchekesha, ila ilikuja baada ya picha. Picha ilikuwapo zamani sana.

Tabaka la pili ndilo zito zaidi, nalo linatoka kwenye jua. Jua likifika nyuzi 270 huwa limemaliza safari yake ya kusini na linaanza kurudi. Kaskazini mwa dunia huo ndio mchana mfupi kuliko yote, na baridi kali bado iko mbele. Uvumilivu, kuweka akiba, kusubiri: hayo yote ni masomo ya majira hayo. Hapa wanajimu wengi huruka jambo moja la wazi. Kusini mwa ikweta, tarehe hiyohiyo ni majira ya joto. Ukimwambia mtu wa huko kwamba tabia yake imetokana na ubaridi wa siku aliyozaliwa, unamtolea tafsiri ya anga la wengine.

Tabaka la tatu ni sayari ya Zohali (Saturn). Ptolemy, mwanafalaki wa Aleksandria wa karne ya 2, alianza kwa kuupa Mwezi buruji ya Kaa na kulipa Jua buruji ya Simba, zilizo katika majira ya joto. Buruji zinazozikabili, Jadi na Dalu (Ndoo), akazipa Zohali, kwa kuwa ndiyo sayari ya mbali na ya polepole kuliko zote zilizojulikana wakati huo, na tabia yake ilihesabiwa kuwa baridi. Uzee, mipaka, wajibu na mafanikio yanayochelewa vyote vimeingia kwa mlango huo. Mirihi nayo, sayari ya vita, hutukuzwa humu, yaani huhesabiwa kuwa na nguvu zaidi, hasa kwenye nyuzi 28 za buruji hii. Ndiyo maana wanajimu wa kale hawakumwona mtu wa Jadi kuwa mpole. Katika viungo vya mwili, Jadi hupewa magoti.

Kaisari Augusto alitia mbuzi-samaki kwenye sarafu zake ingawa alizaliwa Septemba 23, siku ambayo Jua halikuwa Jadi hata kidogo. Wasomi wengine husema ni Mwezi wake uliokuwa Jadi, wengine hutaja wakati wa kutungwa mimba yake. Ukweli wowote uwao, inaonyesha kwamba zamani "nyota yako" haikuwa lazima ile ya Jua.

Sasa mkanganyiko wa kawaida. Buruji na kundi la nyota si kitu kimoja. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya kuchezea, na mwanzo wa buruji hujisogeza kwenye nyota kwa takriban uzi 1 kila miaka 72. Leo Jua hupita kwenye kundi lenyewe la Mbuzi kuanzia karibu Januari 20 hadi katikati ya Februari. Unajimu wa Kihindi hufuata nyota, na huingiza Jua kwenye Makara, jina lake la Jadi, karibu Januari 14. Wa Kimagharibi hufuata majira. Chagua mmoja, usichanganye tarehe.

Aliyezaliwa Desemba 21 au 22 asitegemee jedwali la gazetini. Mwaka 2022 Jua liliingia Jadi Desemba 21, saa 3:48 usiku kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Mwaka 2023 liliingia Desemba 22, saa 9:27 usiku. Badilisha saa ya kuzaliwa kuwa UTC kwanza, ndipo ulinganishe.

Kosa linaloharibu ramani nyingi zaidi za kuzaliwa ni la saa ya Kiswahili. Programu za kompyuta za unajimu husoma saa 24, hivyo saa 2 asubuhi huandikwa 08:00. Ukiandika 02:00, Mwezi utakosea nyuzi 3 hivi tu, lakini buruji inayochomoza mashariki wakati wa kuzaliwa itarudi nyuma karibu buruji tatu nzima. Na aliyezaliwa saa 7 usiku huandika 01:00 pamoja na tarehe ya siku inayofuata, hata kama nyumbani wanasema "usiku wa jana yake".