Blenda, risiti na bango la "hairudishwi"

Wana Moshi, lile bango la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" juzi limenikuta.

Nilinunua blenda mpya kabisa, ya kusagia maparachichi ya juisi pale Mbuyuni. Hata wiki haijaisha, mota ikanuka kuungua, ikazima. Nikairudisha na boksi lake, waranti na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. (Risiti niliing'ang'ania siku ya kununua, walitaka kunipunguzia bei ili wasiitoe. Ujanja wa zamani huo!)

Kijana wa dukani, mpole tu, akaninyooshea bango: "Mama, soma pale."

Nikamwambia, mwanangu, bango halifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, hata kama hamkuandikiana popote. Kasoro ambayo ungeiona wakati wa kukikagua ni habari nyingine, lakini mota ya ndani ningeionaje? Tena Sheria ya Ushindani ya 2003, ile inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti na haki zake.

Kusikia FCC, akaenda kumpigia bosi. Bosi akasema iachwe, fundi ataifungua. Fundi gani tena, kitu kipya? Nikavuta kiti nikakaa. Wateja wakawa wanaingia, wanauliza kulikoni, nami nawaeleza bila kuficha.

Nimepewa nyingine. Tumeijaribu palepale kwa maji na barafu, na tarehe mpya ya waranti nimeigongesha muhuri.